Ujumbe haujafika mpaka urudi

 

Juma lililopita tuliahidi kuongea juu ya namna ya kuzungumza vizuri na watu wa nyumbani. Tulipokaa kuandika, tuliona haifai kuwafundisha wengine kuongea kabla ya kueleza kosa letu wenyewe. Yule mama tuliyemkosea ametupa ruhusa ya kulisimulia, ila tubadilishe majina. Mtoto wake tutamwita Neema.

Neema alikuwa katika darasa letu la sita, umri wake miaka 12. Mtoto mpole, mwenye akili, hesabu zake safi. Trimestri ya pili akaanza kuchelewa. Wenzake wanaingia saa moja na nusu, yeye anafika saa mbili, mara nyingine saa mbili na robo, na mikunjo ya sketi imelowa maji. Tulimuuliza: “Neema, kwa nini unachelewa?” Akainamisha kichwa. Tukauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya darasa zima. Hakujibu. Tukasema moyoni: huyu mtoto ameanza kiburi.

Basi tukachukua kaye yake tukaandika mistari mitatu kwa Kifaransa kizuri, kile tulichojifunza kwa kutoa jasho. Juu tukaweka neno ambalo shule nyingi hulitumia kumwita mzazi: konvokasyo. Tukatia sahihi na tarehe. Tukamwambia: “Mpe mama.” Tukaona kazi yetu imekwisha.

Kesho yake Neema hakuja. Kesho kutwa hakuja. Juma moja likapita, likapita la pili na la tatu. Sisi tulikasirika: tumemwita mzazi kwa heshima, naye hajibu, hata mtoto amemfungia nyumbani! Wakati huo direktere alikuwa anatayarisha listi ya watoto watakaofanya mtihani wa taifa wa mwisho wa masomo ya msingi. Mtoto asiye kwenye listi hafanyi mtihani. Atarudia mwaka mzima, na wengi tunajua msichana anayerudia darasa la sita mara nyingi anaishia wapi.

Siku ya posho tulienda sokoni kununua ndakala. Na nani tunamwona amekaa nyuma ya sahani akipima? Neema. Alipotuona akajificha nyuma ya mama yake. Yule mama akasimama, akafuta mikono kwenye kikwembe, akasema kabla hatujamsalimia:

“Madamu, utusamehe. Franka sijapata bado.”

Tukashangaa. “Franka gani, mama?”

“Si zile ulizoandika kwenye kaye?”

Wamama wapenzi, tulitamani ardhi ipasuke. Hatukuandika neno lolote juu ya franka. Tuliandika tu kwamba mtoto anachelewa na kwamba tungependa kuongea na mzazi. Lakini Mama Neema hasomi Kifaransa. Kaye alimpa kaka yake Neema, kijana aliyeanza sekondari. Kijana akaangalia, akaona lile neno la juu, akasema: “Mama, wanakuita shuleni juu ya Neema. Bila shaka ni franka.” Na lile neno konvokasyo, Mama Neema alikuwa analijua, kwa sababu ndilo neno la karatasi ya polisi. Mwaka uliopita jirani yake aliletewa karatasi kama hiyo, akalala ndani siku mbili.

Tena alikumbuka mambo ya mtoto wake wa kwanza. Yule alisoma kabla ya 2019, wakati shule ya msingi haijawa bure, na alifukuzwa darasani mara nyingi kwa sababu ya minervali. Alitoka akilia mbele ya wenzake. Basi mama akajisemea: bora Neema abaki nami sokoni kuliko afukuzwe. Mama hakumfungia mtoto kwa ubaya. Alikuwa anamlinda na aibu, na aibu hiyo tuliileta sisi kwa karatasi yetu.

Na kuchelewa je? Maji. Bomba la avenyu yao linatoa maji alfajiri tu, na mstari wa bidoni ni mrefu. Neema ndiye anayepanga foleni, maana mama anapaswa kuwa ziwani mapema kuwangojea wavuvi. Mambo yote hayo aliyaeleza kwa dakika tano, amesimama pale pale kando ya sahani ya ndakala. Mwishoni akatuambia neno ambalo hatulisahau: “Madamu, ungelinituma mtoto wa jirani kwa mdomo tu, ningalikuja siku ile ile.”

Neema alirudi siku ya kwanza. Jina lake liliingia kwenye listi siku mbili tu kabla direktere hajaipeleka. Siku mbili! Maji ya asubuhi sasa wanapokezana na kaka yake. Mtoto aliokoka, lakini hakuokolewa na elimu yetu. Aliokolewa na njaa ya ndakala iliyotupeleka sokoni.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: mahali gani ujumbe wetu ulipotea?

Pale chuo cha ualimu tulifundishwa habari ya Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Moscow mwaka 1896. Mwaka 1960 alieleza kwamba kila mazungumzo yana vitu sita: anayesema, anayesikia, ujumbe wenyewe, lugha inayotumika, njia inayowaunganisha watu wale wawili, na jambo linalozungumziwa pamoja na mazingira yake. Tulivikariri vitu hivyo sita, tukaviandika kwenye mtihani, tukapata pointi nzuri. Siku ya kumwandikia Mama Neema tulivisahau vyote.

Tuvipime. Lugha: tulitumia Kifaransa kwa mama anayeongea Kifuliru na Kiswahili. Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Watoto wadogo wa kwetu huku tunawaanzisha kusoma kwa Kiswahili. Lakini tukitaka kumwandikia mama yao, tunavaa Kifaransa kama koti la sikukuu. Njia: tulituma neno la watu wazima ndani ya kaye ya mtoto, likapitia mdomo wa kijana aliyekisia. Mazingira: mama mwenye kumbukumbu ya kufukuziwa mtoto husikia “franka” hata pale ambapo franka haikutajwa. Na anayesikia: hatukumfikiria hata kidogo. Tulifikiri sahihi yetu tu.

Lakini juu ya hayo yote kuna kosa moja kubwa zaidi. Hatukungoja ujumbe urudi. Ukituma mtoto dukani na franka, unamngoja arudi na chumvi. Akikawia, unatoka nje kumtazama. Ila neno tunalituma, tunageuka, tunasema “nimeshamwambia”. Kusema ni nusu ya kazi. Ujumbe umefika siku ile msikilizaji anapokurudishia kwa maneno yake mwenyewe, nawe unasikia kwamba ndicho ulichotaka kusema.

Mtatuambia: “Sisi tunauliza, ‘umeelewa?’, nao wanasema ndiyo.” Wamama, swali hilo halisaidii. Nani anasema hapana? Mtoto anaogopa kupigwa, bibi-arusi anaona haya mbele ya mama mkwe, mgonjwa anamheshimu muuguzi. Kila mtu anasema ndiyo ili aondoke salama. Darasani tuliacha swali hilo. Sasa siku ya tano, kabla ya kengele, tunauliza: “Mtasema nini nyumbani?” Mara ya kwanza tulikuwa tumewaambia walete kila mmoja fagio kwa ajili ya kusafisha uwanja. Mtoto mmoja akasimama kwa ushujaa, akasema: “Nitasema Madamu amesema sisi ni wachafu.” Tulicheka, lakini tulishukuru pia. Neno hilo lingefika nyumbani kwao jioni, na sisi tungeshangaa kwa nini mama yake hatusalimii njiani.

Ni hatari zaidi kwenye mambo ya afya. Sisi wa Uvira tunaijua kolera kama mgeni asiyechoka kurudi. Mtoto akiharisha, tunafundishwa kumpa maji ya chumvi na sukari wakati pakiti ya kituo cha afya haijapatikana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vimesawazishwa juu. Sasa fikirini mama anayesikia hayo mara moja, usiku, mtoto amelegea mgongoni. Akigeuza, akaweka sita za chumvi na nusu ya sukari, kinywaji cha kuokoa kinakuwa sumu. Muuguzi mwenye hekima hamuulizi “umeelewa?” Anamwambia: “Mama, nionyeshe utakavyotengeneza ukifika nyumbani.” Mama anahesabu vijiko mbele yake. Wakikosea, wanarekebisha pale pale. Inachukua dakika mbili tu.

Hata wakati wote wawili wanaongea Kiswahili, ujumbe unaweza kupotea. Mwanamemba mmoja wa shirika letu anaagiza vitenge Kigoma. Mwuzaji alimpigia simu: “Mzigo utafika Kalundu Jumatatu.” Sisi huku tunahesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama yetu akasikia “tatu”, akajua ni siku ya tatu. Kumbe kwa Watanzania Jumatatu ndiyo siku yetu ya kwanza! Alipofika bandarini, robota zake zilikuwa zimelala siku mbili, moja imenyeshewa mvua, na mwenye gari la kupakia amekwisha kwenda na mizigo ya wengine. Hakuna aliyesema uongo. Kama angerudisha neno tu, “yaani kesho kutwa, tarehe fulani?”, wangegundua mara moja. Ndiyo sababu kwenye likelemba yetu tumekubaliana: siku yoyote inatajwa pamoja na tarehe yake, na kiasi chochote cha pesa anayepokea anakirudia kwa sauti mbele ya wote.

Na tusidhani ni wadogo tu wanaokosa. Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 2,287 walikufa. Katika mwezi wa nane 2019 iligusa hata Mwenga, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini. Mwanzoni watu waliletewa maagizo: msiguse wagonjwa, msioshe maiti, iteni timu. Maagizo yalikuwa ya kweli. Lakini watu walikuwa na maswali yao, na hapakuwa na njia ya kuyarudisha. Familia ilimwona ndugu yao anaingizwa ndani ya mfuko usioonyesha kitu, ikajiuliza: ndani kuna ndugu yetu kweli, au kuna mawe? Wamemtoa viungo? Swali lisilo na mahali pa kuulizwa linageuka uvumi, na uvumi uligeuka mawe ya kurushiwa timu.

Baadaye watu wa Msalaba Mwekundu walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiandika kile ambacho watu wanasema na kuuliza, bila kuwacheka. Moja kati ya mambo yaliyobadilika kwa kusikiliza namna hiyo ni mifuko ya maiti: ililetwa mifuko inayoonyesha, ili familia iuone uso wa mtu wao na kumuaga. Ugonjwa ulikuwa ule ule na maagizo yale yale. Ila safari hii neno lilikuwa linakwenda na kurudi.

Sasa turudi nyumbani, maana ndipo tunapokosana zaidi. Wakati wa hasira neno linapotea haraka kuliko wakati wowote. Mmarekani mmoja, Thomas Gordon, mtaalamu wa mambo ya moyo na akili, alianza mwaka 1962 kuwafundisha wazazi namna ya kuongea na watoto wao, na mwaka 1970 akatoa kitabu. Shauri lake moja ni rahisi: ukiumia, usianze na “wewe”, anza na “mimi”.

Binti amekaa, vyombo vichafu. Tunasema: “Wewe ni mvivu! Utaolewa na nani?” Binti anasikia nini? Hasikii vyombo. Anasikia kwamba hapendwi. Anakunja uso, na vyombo vinabaki. Jaribuni hivi: “Mwanangu, nikitoka sokoni nikakuta vyombo havijaoshwa, nachoka mara mbili, maana napaswa kuosha ndipo nipike, na giza limeingia.” Humo kuna jambo lenyewe, kuna matokeo yake, na kuna mnavyojisikia. Hakuna tusi la kujibu. Kama mtoto atajibu, atajibu juu ya vyombo. Pengine mtagundua kwamba sabuni ilikuwa imekwisha.

Na mtoto au bwana akileta lake, kabla ya kujibu, mrudishieni kwanza. “Unataka kusema kwamba niliponunua kitenge bila kukuambia, uliona nimekudharau. Ni hivyo?” Tazameni uso wake utakavyolegea. Kurudisha si kukubali kosa. Unaweza kuwa na sababu zako nzuri, na utazisema baadaye. Lakini mtu ambaye hajasikika hana masikio ya kusikia sababu zako.

Ila tuangalie adabu. Kumwambia mtu mzima “haya, rudia nilichosema” ni kumfanya mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo tuchukue mzigo sisi wenyewe: “Dada yangu, nimeongea haraka, pengine nimechanganya. Hebu niambie ulivyosikia, nijue kama nimesema vizuri.” Hapo anayepimwa ni msemaji. Na kwa wakubwa wetu, mama mkwe au mzee wa ukoo, hatuwaombi kurudia hata kidogo. Sisi ndio tunarudia maneno yao: “Mama, nimesikia umesema mtoto apelekwe kwa shangazi yake baada ya mitihani. Nimesikia vizuri?” Mzee anafurahi kwamba amesikilizwa, nasi tunakuwa na hakika.

Kwa juma hili, tunawaomba mjaribu mambo matatu tu:

La kwanza, liacheni swali “umeelewa?” nyumbani kwenu kwa siku saba. Mahali pake ulizeni: “Utafanya namna gani?” au “Utamwambia nini?”

La pili, jambo zito lisitumwe kwa mtoto wala kwa kikaratasi. Kama hamna nafasi ya kwenda, pigeni simu. Kama hamna unite, mtumeni mtu mzima, naye aje na jibu.

La tatu, mtu akiwakasirisha, rudisheni maneno yake mara moja kabla ya kujibu. Mara moja tu. Mkishindwa siku ya kwanza, msikate tamaa. Sisi tunashindwa hata leo.

Na kwa walimu wenzetu wanaosoma hapa: tuandike kwa Kiswahili, tuache lile neno la polisi. “Mama Neema, jambo. Mtoto anaendelea vizuri lakini anachelewa asubuhi. Hatutaki franka. Tunataka tu kuongea nawe. Siku gani unaweza?” Mistari kama hiyo haipunguzi diploma ya mtu.

Mtu akituuliza kwenye mkutano wa siku ya posho kama mmependa makala hii, tutashukuru. Lakini tunaomba zaidi ya hapo. Mtuambie mlichosikia ndani yake, kwa maneno yenu, hata kwa Kifuliru, Kivira au Kibembe. Wengine watatusaidia kutafsiri. Tukisikia kitu ambacho hatukukusudia, tutajua kosa ni la mwandishi, na juma lijalo tutaandika tena.

Mbaki na amani.